Yevgeny Zavoisky, Mrusi aliyeisikiliza shaba kwa mawimbi ya redio

Wakaaji wa Lubumbashi wanaijua shaba kwa macho na kwa mikono. Wanaijua ikiwa jiwe la kijani la malakiti, wanaijua ikiwa katodi nyekundu zinazopakiwa juu ya malori kuelekea Kasumbalesa. Wazee wanakumbuka kwamba jimbo zima liliitwa Shaba, tangu 1971 hadi 1997. Lakini kuna namna nyingine ya kuijua shaba, nayo ni kuisikiliza kwa mawimbi ya redio. Mtu wa kwanza kufanya hivyo alikuwa Yevgeny Konstantinovich Zavoisky, mwalimu wa fizikia katika mji wa Kazan, huko Urusi. Alifanya kazi hiyo mwaka 1944, katikati ya vita, kwa vyombo alivyounga mwenyewe. Na kati ya vitu vya kwanza alivyoweka ndani ya chombo chake ilikuwemo chumvi ya shaba.

Njia aliyoianzisha inaitwa resonansi ya elektroni. Leo inatumiwa na wanakemia, waganga, wanabiolojia na wanajiolojia katika dunia nzima. Kwa njia hiyo mtu anaweza kujua kama chembe ndogo isiyoonekana kwa macho imezungukwa na maji au na mafuta, kama iko huru au imefungwa. Hata hivyo, aliyeifungua njia hiyo hakupata tuzo ya Nobel, na kwa miaka mingi hakuruhusiwa hata kusema anafanya kazi gani.

Mtoto wa mganga wa jeshi

Zavoisky alizaliwa tarehe 28 mwezi wa tisa 1907, katika mji wa Mogilev-Podolsky. Leo mji huo uko Ukraine; wakati ule ulikuwa chini ya mfalme wa Urusi. Huku Katanga, kampuni ya Union Minière ilikuwa imeundwa mwaka mmoja tu kabla, na mji wa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, ulikuwa bado haujajengwa.

Baba yake alikuwa mganga wa jeshi, mama yake mwalimu. Mwaka 1908 jamaa ilihamia Kazan, mji mkubwa kando ya mto Volga. Huko ndiko Zavoisky alikokulia, na miaka ya utoto wake haikuwa miepesi. Mapinduzi ya 1917 yalifuatwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe. Baba alikufa mtoto akiwa bado mdogo. Mwaka 1921 njaa kubwa ikaingia katika bonde la Volga na kuua watu kwa mamilioni.

Katika shida hizo, kijana alipenda kitu kimoja kuliko vyote: redio. Wakati huo redio ilikuwa jambo jipya. Kijana aliyetaka kusikia matangazo alilazimika kutafuta nyaya, kuzungusha koili kwa mkono na kuunga vipande mpaka chombo kiseme. Zavoisky alijifunza kazi hiyo mapema, na mikono yake haikuisahau tena.

Mwaka 1926 aliingia Chuo Kikuu cha Kazan. Ni chuo cha zamani, kilichoanzishwa mwaka 1804. Humo ndimo Nikolai Lobachevsky alimofundisha jiometri yake mpya, na humo ndimo Karl Klaus alimogundua metali ya rutheni mwaka 1844. Lakini kwa watu wa Moscow na Leningrad, Kazan ulikuwa mji wa mbali na makao makuu. Pesa na vyombo vya gharama havikufika huko haraka. Zavoisky alimaliza masomo mwaka 1930, na kufikia 1933 alikuwa tayari anaongoza idara ya fizikia ya majaribio. Alikuwa na umri wa miaka 26 hivi.

Swali lake lilitoka moja kwa moja katika mapenzi yake ya ujana. Alitaka kujua nini kinatokea ndani ya kitu, kiwe kigumu au cha majimaji, kikiwekwa katikati ya mawimbi ya redio yenye nguvu. Je, kitu hicho kinameza sehemu ya mawimbi? Kinameza kiasi gani, na kwa sababu gani?

Majaribio ya 1941 yaliyokatwa na vita

Wanafizikia walikuwa wanajua tayari kwamba ndani ya atomu kuna sumaku ndogo sana. Elektroni ni sumaku, na viini vya atomu nyingi pia ni sumaku. Sumaku hizo zikiwekwa ndani ya sumaku kubwa, zinaweza kukaa kwa pande tofauti, kama sindano ya dira inayoelekea kaskazini au kulazimishwa kuelekea kusini. Kuzigeuza kunahitaji kiasi kamili cha nguvu. Wimbi la redio lenye kiasi hicho linamezwa, na wimbi lisilo na kiasi hicho linapita tu. Kumezwa huko kwa kiasi kamili ndiko kunakoitwa resonansi.

Mholanzi Cornelis Gorter alijaribu kuiona resonansi ya viini mwaka 1936, akashindwa. Yeye alitafuta joto dogo linalobaki ndani ya kitu baada ya kumeza mawimbi. Zavoisky aliona kuna njia bora zaidi. Badala ya kupima joto ndani ya kitu, alipima chombo chenyewe kinachotoa mawimbi. Aliweka kitu ndani ya koili ya chombo hicho, kisha akaangalia kuranti ndogo ndani ya lampu ya redio. Kitu kikimeza mawimbi, kuranti hiyo inabadilika mara moja. Ilikuwa akili ya fundi wa redio, na ilikuwa kali kuliko kipima-joto.

Mwaka 1941 yeye na wenzake wawili, Semyon Altshuler na Boris Kozyrev, walianza kutafuta resonansi ya viini kwa njia hiyo. Mara kadhaa waliona alama, lakini alama hazikurudi kila walipozitafuta. Sumaku yao haikuwa nzuri. Nguvu yake haikuwa sawasawa kutoka upande mmoja hadi mwingine, na viini vinahitaji sumaku iliyo sawasawa kabisa. Zavoisky hakutaka kutangaza jambo asiloweza kulirudia, basi hakulitangaza.

Halafu tarehe 22 mwezi wa sita 1941 Ujerumani ikaivamia URSS. Altshuler alikwenda kwenye mstari wa mbele. Taasisi za Akademia ya Sayansi zilihamishwa kutoka Moscow na Leningrad, zikaletwa Kazan pamoja na watu wao na masanduku yao. Chuo kilijaa. Chumba cha Zavoisky kikahitajika kwa wengine, na vyombo vyake vikafunguliwa vipande vipande. Kazi ikasimama.

Miaka mitano baadaye, mwanzoni mwa 1946, resonansi ya viini ilitangazwa na Wamarekani, Edward Purcell wa Harvard na Felix Bloch wa Stanford. Mwaka 1952 wote wawili walipewa tuzo ya Nobel. Njia hiyo ndiyo mama wa mashini ya IRM ambayo waganga wanaitumia leo kutazama ubongo wa mgonjwa.

Siku chumvi ya shaba ilipojibu

Mwaka 1943 Zavoisky alirudi kwenye meza yake. Safari hii aliacha viini, akatafuta elektroni. Elektroni ni sumaku yenye nguvu mara 658 kuliko kiini cha haidrojeni. Kwa hiyo haihitaji sumaku kubwa sana, na mistari yake katika chumvi ni mipana, basi sumaku isiyo sawasawa haiifichi. Udhaifu wa chombo ulioua majaribio ya 1941 haukuwa tena kizuizi.

Lakini si kila kitu kinafaa. Katika vitu vingi elektroni zinakaa mbili mbili, moja ikielekea juu na nyingine chini, na nguvu zao za sumaku zinafutana. Ilihitajika kitu chenye elektroni iliyobaki bila mwenzake. Shaba inayo. Atomu ya shaba ikipoteza elektroni mbili, kama ilivyo katika chumvi za bluu na za kijani, inabaki na elektroni moja isiyo na mwenzake. Manganezi nayo inazo, tena tano. Ndiyo sababu Zavoisky alichagua chumvi za metali hizo.

Mwanzoni mwa 1944 alama ilionekana, na safari hii ilirudi kila alipoitafuta. Katika kloridi ya shaba yenye maji ndani yake, kwa mawimbi ya megahezi 133, mawimbi yalimezwa sumaku ilipofika militesla 4.76. Msomaji anaweza kulinganisha: redio za FM zinaishia megahezi 108, na sumaku hiyo ni kama mara 100 ya ile ya dunia inayogeuza sindano ya dira. Hakuhitaji nguvu nyingi. Alihitaji chombo chenye masikio na mtu mwenye subira.

URSS iliandikisha baadaye ugunduzi huo rasmi kwa tarehe 12 mwezi wa saba 1944.

Wenye shaka wa Moscow

Habari ilipofika Moscow, wengi hawakuamini. Mwalimu wa mji wa mbali, bila labo kubwa, katikati ya vita, angewezaje kuona kitu ambacho Gorter wa Leiden hakukiona? Mtu mmoja mwenye sauti kubwa alitaka kuhakikisha kabla ya kuhukumu. Huyo alikuwa Pyotr Kapitsa, aliyeongoza Taasisi ya Matatizo ya Fizikia. Alimwita Zavoisky Moscow, akampa chumba na vyombo. Zavoisky aliunga chombo chake upya mbele ya watu, na alama ikatokea tena. Yakov Frenkel, mwanafizikia wa nadharia, akaandika maelezo ya kwa nini inatokea.

Tarehe 30 mwezi wa kwanza 1945 Zavoisky alitetea kazi yake ya udaktari katika Taasisi ya Lebedev, Moscow. Kichwa cha kazi hiyo kinataja vitu vya aina tatu: chumvi, maji yaliyoyeyusha chumvi, na metali. Mwaka huohuo matokeo yalitoka katika gazeti la fizikia lililochapishwa Moscow kwa Kiingereza. Tangu 1946 watafiti wa Marekani na Uingereza walianza nao kuona resonansi ya elektroni, wakitumia vyombo vya rada vilivyobaki baada ya vita.

Elektroni haisemi peke yake

Neno hilo, maji yaliyoyeyusha chumvi, lina uzito. Chumvi ikiyeyuka, atomu ya shaba inaacha majirani zake wa zamani na kupata wapya. Katika maji inazungukwa na molekuli za maji, na rangi yake ni bluu. Ukiongeza amonia, majirani wanabadilika na bluu inakuwa nzito zaidi. Ukiongeza kloridi nyingi, rangi inakwenda upande wa kijani. Jicho linaona rangi tu. Resonansi inaona zaidi ya hapo: elektroni ya shaba inahisi nani yuko karibu, yuko umbali gani, na anavuta kwa nguvu gani, na yote hayo yanaandikwa katika mahali na upana wa mistari.

Kuna jambo lingine. Kiini cha shaba chenyewe ni sumaku, na kinaweza kukaa kwa namna nne. Kwa hiyo atomu za shaba zikitawanywa hadi ziwe mbali, mstari mmoja unaweza kugawanyika kuwa minne. Ni kama sahihi. Mtu anayeona mistari minne namna hiyo anajua ameikuta shaba. Altshuler na Kozyrev waliobaki Kazan waliendelea kuchunguza mistari ya chumvi zilizoyeyushwa, na mwaka 1961 walitoa kitabu kikubwa juu ya resonansi ya elektroni.

Watu wa Katanga wanayo kazi hiyohiyo mlangoni mwao, ingawa kwa ukubwa wa kiwanda. Huko Ruashi na Fungurume, jiwe linasagwa na kuloweshwa kwa asidi. Shaba inaingia ndani ya maji. Kisha maji hayo yanachanganywa na mafuta yanayofanana na mafuta ya taa, yenye dawa inayokamata shaba. Shaba inaacha maji na kuingia katika mafuta. Baadaye inatolewa humo kwa asidi kali na kugandishwa kwa umeme kuwa katodi. Katika maji, shaba ilizungukwa na oksijeni za maji. Katika mafuta, dawa inaishika kwa azoti mbili na oksijeni mbili. Mtu akichukua tone la kila upande na kuliweka katika chombo cha aina ya Zavoisky, anapata mistari tofauti. Shaba ni ileile, lakini kiyeyushi kimebadilika, na elektroni inasema hivyo.

Mji uliofutwa kwenye ramani

Zavoisky hakupewa nafasi ya kufuata njia hiyo mwenyewe. Mwaka 1947 aliitwa na Igor Kurchatov, kiongozi wa mradi wa bomu la atomu la URSS. Alipelekwa Arzamas-16, mji wa siri uliofutwa kwenye ramani, na kukaa huko mpaka 1951.

Hapa historia yake inagusana tena na Katanga, kwa upande mwingine. Mbio za Wasovieti zilizidishwa kasi na bomu lililopigwa Hiroshima tarehe 6 mwezi wa nane 1945, na sehemu kubwa ya urani ya mradi huo wa Wamarekani ilichimbwa Shinkolobwe, karibu na Likasi, iliyoitwa zamani Jadotville. Edgar Sengier wa Union Minière alikuwa amehamisha mapema tani zaidi ya 1,000 za jiwe hilo hadi New York, na mwaka 1942 jeshi la Marekani likainunua. Wachimbaji wa Shinkolobwe hawakuambiwa jiwe linakwenda kufanya nini. Upande wa pili wa dunia, mtaalamu aliyekuwa amefungua njia mpya ya kuchunguza vitu aliiacha meza yake ili kulijibu bomu hilo.

Huko Arzamas-16 Zavoisky alitumia tena ujuzi wake wa sumaku. Alibuni namna ya kupima mwendo wa vitu ndani ya mlipuko: waya mdogo ukisukumwa na mlipuko ndani ya sumaku, unazaa umeme, na umeme huo unaeleza mwendo. URSS ilijaribu bomu lake la kwanza tarehe 29 mwezi wa nane 1949.

Aliporudi Moscow, katika taasisi ya Kurchatov, hakurudi kwenye resonansi. Aliunda vyombo vya kupiga picha ya mwanga hafifu unaodumu muda mfupi mno. Katika miaka ya 1960 aliongoza uchunguzi wa plazma, yaani gesi ya moto sana, akionyesha jinsi kuranti kali inavyoweza kuipasha moto kwa ghafla. Kazi hizo ziliheshimiwa. Lakini mtu aliyefungua mlango Kazan alikuwa sasa ndani ya nyumba nyingine, na wengine ndio waliopita katika mlango wake.

Tuzo zilizokuja na isiyokuja

Mwaka 1957 Zavoisky alipewa Tuzo ya Lenin kwa ugunduzi wa resonansi ya elektroni. Ilikuwa miaka 13 baada ya kazi yenyewe. Mwaka 1964 akawa mwanachama kamili wa Akademia ya Sayansi, na mwaka 1969 akaitwa Shujaa wa Kazi ya Kisoshalisti. Jina lake lilipelekwa mara kadhaa mbele ya kamati ya Nobel, na kila mara tuzo ilikwenda kwa wengine.

Mambo mengi yalikuwa yamejiunga dhidi yake. Vita vilikata barabara za habari. Siri ya bomu ilimfungia ndani wakati ambapo wenzake wa Ulaya na Marekani walikuwa wanatembeleana na kusomeana kazi. Na tuzo ya 1952 ilikuwa imekwisha kutolewa kwa resonansi ya viini, dada wa ile yake, aliyoitafuta mwaka 1941 bila kuitangaza.

Alama inayojua maji na mafuta

Zavoisky akiwa bado anashughulikia plazma, njia yake ilipata kazi mpya. Vitu vingi vya mwili, kama protini na mafuta ya ngozi ya seli, havina elektroni isiyo na mwenzake. Kwa resonansi ya elektroni, vitu hivyo viko kimya. Harden McConnell wa Stanford, Marekani, alileta jibu mwaka 1965. Alichukua molekuli ndogo yenye elektroni moja ya pekee, akaibandika juu ya protini, kama mchungaji anayemfunga ng'ombe kengele ili ajue alipo hata ndani ya majani marefu. Kengele hiyo inaitwa alama ya spini.

Alama zinazotumiwa sana ni nitroksidi. Ndani yake azoti na oksijeni zimeshikana, na elektroni ya pekee inakaa kati yao, mara kwa huyu, mara kwa yule. Kiini cha azoti ni sumaku inayoweza kukaa kwa namna tatu, basi alama inatoa mistari mitatu. Umbali kati ya mistari hiyo unaonyesha elektroni inakaa kiasi gani upande wa azoti.

Hapo ndipo kiyeyushi kinapoingia. Katika maji, molekuli za maji zinaishika oksijeni ya alama na kuvuta chaji hasi upande huo. Elektroni ya pekee inasukumwa zaidi upande wa azoti, na mistari inaachana zaidi. Katika mafuta hakuna wa kuvuta hivyo, na mistari inakaribiana. Kwa alama inayoitwa TEMPO, umbali ni karibu militesla 1.7 katika maji, na karibu 1.5 katika mafuta mepesi. Katikati ya mistari nako kunasogea kidogo. Tofauti ni ndogo, lakini chombo kizuri kinaiona bila shida.

Uzito wa kiyeyushi nao unaandikwa. Katika maji alama inazunguka haraka sana, na mistari ni myembamba na safi. Katika kitu kizito kama asali inazunguka polepole, mistari inapanuka na kulegea. Ikiganda kabisa, sura yote ya mistari inatawanyika. Kwa hiyo alama moja inajibu maswali mawili kwa pamoja: nimezungukwa na nini, na nina nafasi gani ya kutembea. Kwa alama hizo wanabiolojia walijua kwamba ngozi ya seli ni ukuta wa mafuta unaotembea, laini zaidi katikati kuliko kwenye uso wake. Walijua pia kipande gani cha protini kimezama ndani ya mafuta na kipi kiko nje katika maji.

Yote hayo yanasimama juu ya jambo lililoonekana kwanza katika chumvi ya shaba na ya manganezi ya Kazan: elektroni ya pekee inayogeuka ikipigwa na wimbi la kiasi chake.

Miaka ya mwisho

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Zavoisky aliacha kazi katika taasisi ya Kurchatov na kuishi kimya. Alikufa Moscow tarehe 9 mwezi wa kumi 1976, siku 11 tu baada ya kutimiza miaka 69.

Heshima ya nje ya inchi yake ilikuja alipokuwa kaburini. Mwaka 1977 shirika la kimataifa la wataalamu wa resonansi ya sumaku lilimpa tuzo yake. Taasisi ya fizikia na ufundi ya Kazan inabeba jina lake. Tangu 1991, kila mwaka mji huo unatoa Tuzo ya Zavoisky kwa mtaalamu wa resonansi ya elektroni, na wengi wa wanaokuja kuipokea wanatoka Ulaya Magharibi na Marekani, yaani inchi ambazo yeye mwenyewe hakuweza kuzitembelea alipokuwa kijana mwenye ugunduzi mkononi. Mji uliodharauliwa kwa kuwa mbali umekuwa mahali wataalamu wanapokwenda kupokea heshima.

Kwa Lubumbashi, maisha hayo yana maana iliyo wazi. Mababu wa Katanga waliyeyusha malakiti na kumimina misalaba ya shaba iliyotumika kama pesa, karne nyingi kabla ya Union Minière. Leo RDC iko kati ya inchi za kwanza duniani kwa kutoa shaba. Lakini sehemu kubwa ya ujuzi wa kile kilicho ndani ya shaba hiyo, na wa namna inavyobadilika ikitoka katika maji kuingia katika mafuta, iliandikwa mbali. Zavoisky hakuwa na mgodi, hakuwa na labo ya kifahari, na alikuwa katika mji wenye baridi na njaa ya vita. Alikuwa na chumvi kidogo ya shaba, sumaku, lampu za redio na swali alilolishikilia miaka zaidi ya kumi. Chumvi hiyo inaweza kutengenezwa na mwanafunzi yeyote wa kemia wa Lubumbashi, kwa shaba ya Katanga yenyewe.